Whalers walihama, Hartford ikabaki na Wolf Pack: kisa cha mji uliopewa timu ndogo

Naanza na nyie mliokulia kwenye mpira wa miguu kama mimi, maana bila kuelewa hili hutaelewa kisa chote. Huku Marekani na Kanada hakuna kupanda wala kushuka daraja. Timu iko NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafu, kwa sababu mwenye timu ana leseni ya kuwemo, na akiona mji haumlipi anaongea na ligi, anabeba wachezaji na makocha na rekodi zote anahamia mji mwingine wenye uwanja unaomuingizia hela zaidi, mashabiki wanabaki na jezi tu. Kwetu tumeonja kidogo 2024 pale Ihefu ya Mbarali ilipogeuka Singida Black Stars. Sasa chukua hiyo halafu ongeza kwamba mji uliokimbiwa hauwezi kuanzisha timu mpya ikaanzia chini ikapanda mpaka juu. Haiwezekani kabisa. Ukishatoka NHL unarudi siku ligi ikitaka na tajiri akipatikana, basi.

Kwa hiyo watu wenye mapenzi ya hoki kwenye mji wa namna hiyo wanafanyaje? Mara nyingi wanapewa timu ya ligi ndogo, inaingia kwenye uwanja ule ule, viti vile vile, wanaambiwa haya endeleeni. Mi nataka niongelee Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut, kwa sababu naishi huku na kwa sababu nilifika wakati timu kubwa, Whalers, imeshaondoka zamani sana, yaani hoki mimi nimeijulia kwa Wolf Pack, hiyo timu ndogo. Sina kidonda cha Whalers. Wazee ninaokaa nao jukwaani wanacho mpaka leo, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizunguke. Wolf Pack wamechukua kombe, wamekuwa na wachezaji wa kujivunia, lakini kwa karibu miaka 30 mji umekuwa ukiwachukulia kama wanashikilia nafasi ya mtu mpaka arudi, na walioujengea mji mawazo hayo ni wanasiasa, wafanyabiashara na hata watu wanaoipenda hoki kwa dhati. Hiyo imewaumiza kuliko kufungwa mechi.

Tuanze na Whalers wenyewe. Walizaliwa 1972 kwenye ligi nyingine iliyokuwa inashindana na NHL, iliitwa WHA, wakiwa wanachezea Boston, na 1973 wakawa mabingwa wa kwanza wa ligi hiyo. Boston ilikuwa na Bruins ya NHL tayari kwa hiyo nafasi ya kupumua haikuwepo, Januari 1975 wakahamia Hartford kwenye uwanja mpya wa Civic Center ambao ulijengwa pamoja na jengo la maduka katikati ya mji. Hartford ni mji wa makampuni ya bima, mji mdogo uliobanwa katikati ya New York na Boston, na Whalers ndo ilikuwa timu pekee kubwa ambayo watu wa Connecticut wangeweza kusema hii ni ya kwetu, wala siyo ya jirani.

Halafu kuna hili la paa, ambalo kila mzee wa hapa atakusimulia. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1978 theluji ilikuwa imejaa juu, paa la Civic Center likaporomoka lote, saa chache tu baada ya watu karibu elfu tano kuwa humo ndani wakiangalia mechi ya basketiboli ya chuo. Hakuna aliyeumia. Lakini timu ikakosa nyumbani, ikabidi icheze Springfield, mji wa jimbo la jirani la Massachusetts, mpaka Februari 1980, na mashabiki walikuwa wanaendesha magari kwenye barabara ya I-91 usiku wa baridi kwenda na kurudi, mpaka wakajulikana kama klabu ya I-91. Nalitaja hili kwa sababu watu wa nje wakisikia Hartford ilipoteza timu wanasema mji haukuwa na mashabiki. Watu walioifuata timu jimbo lingine kwa miaka miwili hawawezi kuitwa hivyo.

1979 WHA ikafa, timu nne zikaingizwa NHL: Edmonton, Quebec, Winnipeg na Hartford. Angalia hiyo orodha vizuri maana tutairudia, katika hizo nne ni Edmonton tu ambayo haijawahi kuhama. Msimu wa kwanza wa NHL Hartford walikuwa na Gordie Howe, mzee wa miaka 51 anacheza timu moja na watoto wake wawili, Mark na Marty, na alicheza mechi zote 80 akafunga magoli 15. Baada ya hapo mafanikio yalikuwa machache. Hatua moja tu ya mchujo waliyoshinda ndani ya NHL ni ya 1986 walipowafagia Quebec Nordiques mechi tatu bila, wakaenda kutolewa na Montreal mechi ya saba, muda wa nyongeza, na mji ukawafanyia gwaride kama mabingwa. Machi 1991 uongozi ukamuuza nahodha wa zamani Ron Francis pamoja na Ulf Samuelsson kwenda Pittsburgh, Pittsburgh wakabeba Stanley Cup, kombe la NHL, mwaka huo huo na mwaka uliofuata. Wazee wengi wanakuambia timu iliondoka siku ile, iliyokuja 1997 ilikuwa karatasi tu.

1994 timu ilinunuliwa na Peter Karmanos, tajiri wa kompyuta kutoka Michigan. Kukawa na mvutano wa uwanja mpya kati yake na gavana John Rowland, kukawa na kampeni ya kuuza tiketi za msimu mzima ili kuibakisha timu na watu walizinunua kweli, msimu wa mwisho wastani ulikuwa zaidi ya watu elfu 13 kwa mechi. Haikusaidia. Tarehe 26 Machi 1997 ikatangazwa kwamba Whalers wanaondoka, walilipa dola milioni 20.5 kuvunja ahadi ya kukaa mwaka mmoja zaidi, na wakati wanatangaza hata hawakusema wanaenda wapi. Mechi ya mwisho ilikuwa tarehe 13 Aprili, walishinda 2-1 dhidi ya Tampa Bay, goli la mwisho la Whalers akafunga Kevin Dineen. Baadaye ikajulikana ni North Carolina, wakawa Carolina Hurricanes, na 2006 wakachukua Stanley Cup wakiwa huko.

Hapo ndo kisa chetu kinaanzia hasa.

Nafasi haikukaa wazi hata mwaka. Oktoba ile ile ya 1997 barafu ya Civic Center ilikuwa na timu nyingine, Hartford Wolf Pack, ya AHL. AHL ni ligi ya pili kwa ukubwa, ipo tangu 1936, na kila timu yake imefungwa kwa timu moja ya NHL kama sehemu ya kukuzia wachezaji. Wolf Pack walifungwa kwa New York Rangers, na siyo kufungwa tu, wenye Rangers ndo wenye timu. Fikiria shabiki wa Whalers aliyekaa miaka 18 anawachukia Rangers kwa moyo wote, ile bifu ya mji mdogo kwa mji mkubwa wa jirani, miezi sita baada ya timu yake kuondoka anaambiwa sasa uje ushangilie watoto wa Rangers, na wakiiva tu tunawapandisha New York, saa mbili kwa gari. Wengine walikataa na hawajakanyaga tena. Siwalaumu hata kidogo.

Na hiyo Wolf Pack ilitoka wapi? Ilitoka Binghamton, mji mdogo wa jimbo la New York ambako ilikuwa inaitwa Binghamton Rangers. Yaani jeraha la Hartford lilitibiwa kwa kuwajeruhi Binghamton. Tena ukiangalia mwaka ule mzima unaona mnyororo wa ajabu: Whalers walipofika North Carolina uwanja wa Raleigh haukuwa tayari, wakakaa Greensboro misimu miwili, na Greensboro ilikuwa na timu yake ya AHL, Carolina Monarchs, ikabidi iondoke, ikaenda wapi? New Haven, Connecticut, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Hartford, ikaitwa Beast of New Haven na ikawa inakuza wachezaji wa Hurricanes hao hao. Kwa hiyo 1997 mtu wa Connecticut alikuwa na chaguo la kushangilia vijana wa Rangers pale Hartford au vijana wa timu iliyomkimbia pale New Haven. Beast ilidumu misimu miwili tu. Mimi nikisoma haya ndo naelewa kwamba kwenye ligi ndogo kuhama ni jambo la kila mwaka, halipewi hata kurasa ya mbele ya gazeti, na miji kama Binghamton imepata timu na kupoteza timu mara nyingi sana bila mtu wa mbali kuhuzunika nayo.

Jina la Wolf Pack watu huwa wanadhani ni mbwa mwitu tu, lakini lina uhusiano na nyambizi, maana Groton, hapo hapo Connecticut, ndiko zinakojengwa nyambizi za jeshi la Marekani, na mwaka ule zilikuwa zinatoka zile za aina ya Seawolf. Hata yule mwanasesere wa timu anaitwa Sonar, kile chombo cha nyambizi cha kusikilizia chini ya maji. Mi napenda sana hili. Ni kitu cha Connecticut kabisa, hakikukopwa New York wala hakikuchukuliwa kwenye makaburi ya Whalers.

Na uwanjani walianza vizuri kuliko Whalers walivyowahi kuwa. Msimu wao wa tatu, 1999-2000, wakiwa na kocha John Paddock, walichukua Calder Cup, kombe la AHL, wakiwafunga Rochester kwenye fainali kwa mechi sita. Hilo ndo kombe pekee la hoki ya kulipwa ambalo timu yenye jina la Hartford kifuani imewahi kulibeba. Whalers ndani ya NHL hawakufika hata fainali. Ungedhani mji ungelifanya hilo kombe liwe kitu cha kusimuliwa kila siku. Waulize watu kumi mitaani pale 2000 kulitokea nini kwenye hoki, wachache sana watakuambia, lakini gwaride la 1986 la timu iliyotolewa raundi ya pili wanalijua hata waliozaliwa baadaye.

Mtu ninayemkumbuka kila nikifikiria thamani ya hii timu ni Ken Gernander. Nahodha kuanzia Wolf Pack inaanza mpaka anastaafu 2005. NHL alicheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida, kumi na mbili, maisha yake mengine yote ya hoki yalikuwa huku chini, mabasi, hoteli za bei nafuu, mechi tatu ndani ya siku tatu za wikiendi. Jezi yake namba 12 ilipandishwa juu ya paa, ya kwanza kabisa kwenye historia ya Wolf Pack kustaafishwa, halafu akarudi kuwa kocha wao kwa karibu miaka 10. Ukiinua macho pale uwanjani unaona majina ya Whalers yaliyotundikwa, Howe yupo, halafu Januari 2006 wakaongezwa Francis, Dineen na Samuelsson, sherehe ikafanyika kwenye mechi ya Wolf Pack. Gernander yupo hapo hapo kati ya hao majina makubwa. Na mi nasema kwa uzito, kwa mtu wa Hartford Gernander alikaa pale muda mrefu kuliko wengi wa Whalers, aliishi na watu, alicheza Jumatano ya Februari mbele ya viti vitupu kwa nguvu ile ile. Ligi ndogo inakupa mtu wa namna hiyo, na NHL haiwezi kukupa kwa sababu NHL mtu wa kiwango chake hapewi miaka minane.

Sasa tufike 2010, maana hapa ndo penye somo zito.

Mahudhurio yalikuwa yameshuka, uwanja, ule ule wa Civic Center ambao wakati huo ulikuwa unaitwa XL Center, unakaa na watu elfu nne au tano kwenye viti zaidi ya elfu 14, na unajua ukumbi mkubwa ukiwa mtupu hata ukipiga kelele sauti yako inarudi peke yake. Akaja Howard Baldwin, huyu ndo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Whalers tangu 1972, mtu anayeipenda Hartford kweli, akachukua uendeshaji wa biashara ya timu kwa makubaliano na Rangers. Wazo lake lilikuwa tuwakumbushe watu mapenzi yao ya zamani, tuonyeshe NHL kwamba mji bado una njaa. Mwishoni mwa Novemba 2010 timu ikabadilishwa jina katikati ya msimu, ikawa Connecticut Whale, rangi za Whalers za kijani na bluu zikarudi, nyangumi wa nembo yao akarudi, na usiku wa kwanza walijaa zaidi ya watu elfu 13. Februari 2011 wakapeleka mechi nje, uwanja wa mpira wa kimarekani wa East Hartford, Whale dhidi ya Providence Bruins, wakatangaza watu zaidi ya elfu 21.

Halafu? Mahudhurio ya kawaida hayakupanda kwa kiasi kilichotegemewa, bili zikawa kubwa, 2012 makubaliano yakavunjika, na 2013 jina likarudi Wolf Pack.

Nimeongea na wengi kuhusu hiyo miaka mitatu na maoni yamegawanyika kweli. Kuna wanaosema ilikuwa miaka mizuri kuliko yote tangu 1997 kwa sababu angalau uliweza kuvaa kijani chako ukaimba ule wimbo wa tarumbeta wa Whalers goli likiingia. Nawaelewa. Lakini angalia ilifanya nini kwa timu yenyewe. Shabiki aliyenunua jezi ya Wolf Pack tangu 1997, aliyekuwepo 2000 kombe linakuja, aliyemuona Gernander, aliamshwa asubuhi moja akaambiwa hiyo yote ilikuwa ya muda, sasa tunaanza cha kweli. Watu waliokaa ndo waliodharauliwa ili kuwaita waliosusa. Na waliosusa walikuja usiku wa kwanza, wakalia, wakapiga picha, wakarudi nyumbani, maana walichokuwa wanakikumbuka hakikuwa rangi tu, walikuwa wanakumbuka usiku ambao Gretzky, nyota mkubwa kuliko wote wa hoki, alikuja Hartford akafungwa na watu wao wenyewe. Vijana wa Rangers ndani ya jezi ya nyangumi wangewapaje hicho? Nia ilikuwa njema kabisa, bado naamini ilikuwa njia mbaya.

Inasaidia kuangalia ile miji mingine ya 1979. Winnipeg walipoteza Jets 1996, wakaenda Arizona. Mwaka ule ule ikaja timu ya ligi ndogo kutoka Minnesota, ikaitwa Manitoba Moose, na tofauti kubwa na Hartford ni kwamba wenye Moose walikuwa watu wa pale pale Winnipeg, kundi la Mark Chipman, ambalo baadaye likajulikana kama True North. Hao walitumia Moose kujifunza kuendesha hoki, 2004 wakafungua uwanja mpya katikati ya mji wenye viti karibu elfu 15, wakawa na ukumbi wa hadhi ya NHL wenye timu ndogo ndani yake, na 2011 Atlanta ilipokwama na timu yake wakainunua wakaileta nyumbani, Jets wakarudi. Moose wakapelekwa St. John's, na 2015 wakarudishwa Winnipeg, leo timu mbili ziko uwanja mmoja. Kwa hiyo ukiniuliza kama ligi ndogo inaweza kuwa daraja la kurudi NHL, jibu ni ndiyo kama daraja ni mali yenu. Kila dola na kila ujuzi uliopatikana kwenye Moose ulibaki Winnipeg. Hartford mwenye timu yuko New York, na New York hana sababu yoyote duniani ya kutaka NHL irudi Hartford.

Quebec ndo mfano wa kuuma zaidi. Nordiques waliondoka 1995 kwenda Denver, wakachukua Stanley Cup msimu wa kwanza tu huko. Mji ukapewa Rafales, timu ya ligi ndogo, ikafa baada ya misimu miwili, halafu wakapewa Citadelles ya AHL ambayo ilikuwa tawi la Montreal Canadiens, adui mkubwa kuliko wote wa Nordiques. Misimu mitatu, kwisha. Kosa lile lile la Hartford, kumpa mtu mtoto wa adui yake amlee. Lakini Remparts, timu ya vijana chini ya miaka 20 iliyofufuliwa 1997 ambayo haina bwana wa NHL juu yake, ikajaza uwanja miaka na miaka, ikachukua Memorial Cup, kombe kubwa la hoki ya vijana, 2006 na 2023, na kocha mara zote mbili alikuwa Patrick Roy, mtoto wa pale. Uwanja mkubwa walijenga pia, wa viti elfu 18, umefunguliwa 2015, NHL haijaja. Ila hoki hawajaikosa hata siku moja.

Turudi Hartford. Tangu jina lirudi 2013 wanasiasa hawajaacha kuota. Februari 2017 gavana Malloy na meya Bronin waliwaandikia New York Islanders wa NHL barua kuwakaribisha XL Center. Islanders wakajengewa uwanja kwao. 2023 gavana Lamont akasema yuko tayari kuongea kuhusu Arizona Coyotes, mwaka uliofuata Coyotes wakaenda Utah. Kila zikitoka habari hizi gazeti linajaa nyangumi, na siku hiyo hiyo Wolf Pack wana mechi na hakuna anayeitaja. Msimu wa 2022-23 walirudi kwenye mchujo baada ya miaka mingi ya kukosa, wakawatoa Springfield, wakawatoa Providence, wakasimamishwa na Hershey ambao ndo walichukua kombe. Mwaka uliofuata tena, wakawatoa Charlotte na Providence, wakasimamishwa na Hershey hao hao ambao wakabeba tena. Miaka miwili mfululizo uwanja ulikuwa na kelele za kweli, za watu waliokuja kwa ajili ya timu iliyopo, na watoto waliokuwa wanarukaruka mbele yangu walizaliwa Whalers wakiwa wameshageuka picha kwenye fulana.

Kwa mtu anayetaka kuanza kufuatilia timu ya namna hii, kuna mambo yanachukua muda kuzoea. Kikosi hakitulii. Rangers wakipata majeruhi Jumanne, winga wako bora anaondoka Jumanne, na anayekuja kuziba anatoka ligi ya chini zaidi, kwa hiyo ukipenda mtu mmoja tu utaumia. Halafu kuna sheria ya wakongwe, kati ya wachezaji 18 wa ndani, ukiacha magolikipa, 13 lazima wawe bado wanakua, na karibu wote hao wawe hawajazidisha mechi 260 za kulipwa, ndo maana unaona makosa mengi ya ujana na pia ndo maana unaona mtu anabadilika mbele ya macho yako kati ya Oktoba na Aprili. Igor Shesterkin alikaa Hartford nusu msimu tu, 2019-20, mechi 25 ameshinda 17, Januari wakamchukua, 2022 akawa golikipa bora wa NHL. Waliokuwepo wale miezi mitatu walikaa mita chache nyuma ya goli lake kwa bei ambayo Madison Square Garden, uwanja wa Rangers, usingepata hata soda na maandazi. Kabla yake walipita Girardi, Callahan, Zuccarello, Kreider. Wolf Pack wanaondokewa kila mwaka, na mimi nadhani hilo ndo linawatisha watu wa Hartford, wameshaachwa mara moja. Ila huku kuondoka ndo kazi yenyewe, kijana akipanda timu imefaulu, na ukishakubali hilo mwili wako unatulia unaangalia mechi.

Uwanja umefanyiwa ukarabati wa karibu dola milioni 145 na 2025 umebadilishwa jina kuwa PeoplesBank Arena. Viti vya chini vimepangwa upya, kuna sehemu za matajiri, na tayari nasikia watu wanasema sasa uko tayari kwa NHL. Mi ningependa hizo hela zionekane kwa waliopo. Kombe la 2000 liwekewe sehemu yake pale mlango mkubwa. Majina ya wote waliopita wakaenda NHL yaandikwe ukutani, watoto wayasome. Usiku wa kumbukumbu ya Whalers uwepo, mara moja kwa msimu, wazee wanastahili na mi nitakuja na kijani changu, lakini mechi zingine zote za nyumbani ziwe za mbwa mwitu. Na wenye timu wakae mezani na mji kuhusu mkataba mrefu, ili kilichowapata Binghamton kisiwapate Hartford kimya kimya.

Kama uko huku Connecticut au Massachusetts na hujawahi kwenda, chagua mechi ya Springfield au ya Providence, Ijumaa au Jumamosi. Ni majirani, mashabiki wao wanakuja, na vijana wa pande zote mbili wanajua timu zao kubwa za NHL zinawaangalia. Kaa nyuma ya goli, upande ambao Wolf Pack wanashambulia kipindi cha kwanza na cha tatu. Ukiwa mbali mechi zote zinaonyeshwa laivu kwenye FloHockey.